Taa ya bahari, samaki wa ziwa

Wiki hii hakuna PHP wala hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya taa, tena taa ya kuweka juu ya tangi la samaki. Najua wengine mtacheka: mtu wa Misikhu, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka baharini, anafuga samaki ndani ya kioo awatazame tu, hata hawali! Majirani zangu walishacheka wakamaliza, kwa hiyo ninyi pangeni foleni nyuma yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemeji yangu alikuwa anafanya kazi Doha. Mwajiri wake huko alikuwa na tangi la matumbawe, akachoka nalo, akagawa vifaa. Shemeji akapata taa. Akaifunga kwenye blanketi, ikapanda ndege, ikapanda basi, ikafika hapa nyumbani bila hata mkwaruzo. Ni kisanduku cheusi chenye diodi 55, feni mbili na vifundo viwili vya kupunguza mwanga: kimoja cha diodi nyeupe, kingine cha diodi za buluu. Nguvu yake ni wati 165. Dukani ni taa ya pesa nyingi, na mimi nimepewa bure.

Tangi langu halina chumvi wala tumbawe. Lina fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao wenzetu wa Tanzania huwaita furu. Niliwanunua kwa muuza samaki wa mapambo Kisumu, dume mmoja na majike wanne. Dume ni mwekundu ubavuni na kijani kibichi mgongoni, ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani wamempa jina la fulu wa Krismasi. Jina la kisayansi ni Xystichromis phytophagus. Asili ya hawa wangu ni Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Mbuta, yule samaki mkubwa aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 akala wenzake, Kanyaboli hakufika. Ndiyo maana ngege wa asili bado yupo huko, na fulu pia.

Sasa swali: taa ya bure ya wati 165 iwekwe juu ya fulu, au isiwekwe?

Kwanza tuitendee haki taa yenyewe, kwa sababu haina kosa. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha tumbawe. Kwa hiyo kwa mfuga matumbawe taa ni chakula. Hapimi kama chumba kimependeza; anahesabu chembe za mwanga, zile za mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 700 ambazo mimea huweza kuzitumia. Kipimo ni mikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri hapa kwetu hufika karibu 2,000. Wafugaji wengi huyapa matumbawe laini kati ya 50 na 150, na yale magumu yenye matawi 200 hadi 350 au zaidi. Na hawaanzi na namba ya juu: tumbawe jipya hupewa mwanga mdogo kwanza, unaongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, la sivyo hufukuza mwani wake na kubaki jeupe kama chokaa.

Hapa kuna mtego kwa watu wetu wa kompyuta. Utapakua programu ya kupima mwanga kwenye simu, itakupa namba kwa kipimo cha luksi, utafurahi. Lakini luksi imetengenezwa kwa jicho la binadamu. Jicho letu linapenda zaidi kijani-njano ya karibu nanomita 555, na buluu ya 450 linaihesabu kidogo sana. Taa ya matumbawe inamwaga hiyo buluu kwa wingi, na luksi inaipita kama haipo. Mtu anayechagua taa ya tumbawe kwa luksi ni kama anayenunua mahindi kwa kuangalia rangi ya gunia.

Na kwa nini buluu? Kwa sababu ya maji ya bahari. Maji safi hunyonya nyekundu kwanza. Ukizamia Watamu au Kisite, mita kumi tu chini, nyekundu karibu yote imekwisha na kila kitu kina rangi ya buluu. Mwani wa tumbawe una rangi za ndani zinazokamata buluu vizuri. Basi yule mwenye taa kule Doha alikuwa sahihi kabisa. Alikuwa anaiga bahari.

Ziwa letu halifuati hesabu hiyo. Maji ya Victoria yana mwani, udongo, na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka, na vitu hivi hula buluu kwanza. Kadiri unavyoshuka mwanga unageuka wa njano, kisha wa machungwa, kisha unaelekea wekundu. Yaani bahari chini ni buluu, ziwa chini ni rangi ya machungwa! Niliposoma hilo mara ya kwanza niliamka kitini nikazunguka nyumba. Inamaanisha taa ya tumbawe, kwa samaki wa ziwa, ni kama kumpa mtu miwani ya mwingine kwa sababu fremu ni ghali.

Mtasema, samaki hali mwanga, si tumbawe, atajali nini? Anajali, na ushahidi umetoka hapa hapa kwetu.

Upande wa Mwanza kuna samaki wawili wa jamii ya fulu, na jina la jenasi yao litawafurahisha: Pundamilia. Si utani, wanasayansi waliandika hivyo hivyo. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu, na huishi karibu na uso wa maji. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume lake ni jekundu na huishi chini zaidi, kwenye mwanga wa machungwa. Majike yao yanafanana mno. Jike humchagua dume kwa rangi, na rangi ndiyo inayozuia watu wa nyumba hizi mbili kuoana.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walionyesha kwamba pale maji ya ziwa yalipochafuka na mwanga ukawa finyu, samaki walikuwa na rangi zilizofifia na aina zilikuwa chache. Kisha kuna jaribio la tangini, ambalo kila mwenye tangi angefaa kulijua. Chini ya mwanga mpana wenye rangi zote, majike yalichagua madume ya aina yao. Chini ya mwanga wa machungwa peke yake, ambapo jekundu na buluu havitofautiani, yalikubali madume ya aina zote mbili. Taa tu ndiyo iliyobadilishwa! Mwaka 2008 kikundi hicho kikaonyesha katika Nature kwamba hata macho yao yametofautiana: chembe ya jicho inayopokea mwanga mwekundu, kwa yule wa juu inapokea zaidi karibu nanomita 544, kwa yule wa chini 559. Tofauti ya nanomita 15 tu. Na utafiti uliotoka 2017 ulilea aina hizi mbili kwenye mwanga wa juu na mwanga wa chini uliotengenezwa maabara, na kila aina iliishi vizuri zaidi kwenye mwanga unaofanana na wa kwao.

Mimi nikisoma hayo sifikirii tangi langu peke yake. Nzoia hupita hapa Webuye, na huishia Ziwa Victoria. Mbolea tunayotia kwenye mahindi na miwa huku kwetu, mvua kubwa ikija, sehemu yake huteremka na mto pamoja na udongo wetu mwekundu. Mwani hula mbolea, maji huwa mazito, mwanga unakuwa finyu, na jike wa fulu chini ya mwamba hawezi tena kumjua mume wake. Watu husema mbuta ndiye aliyewamaliza fulu, na kweli alikula wengi sana. Lakini wengine hawakuliwa. Walizimiwa taa, na sisi watu wa juu ya mto tumo kwenye hesabu hiyo.

Basi nikaamua kupima badala ya kukisia. Nina vifaa viwili, vyote vya bei ya soda.

Cha kwanza ni sanduku la viatu. Upande mmoja unakata mwanya mwembamba sana (nimetumia nyembe mbili zilizokaribiana), upande wa pili unabandika kipande cha DVD iliyoharibika, na kamera ya simu inachungulia kutoka juu. Mistari midogo ya DVD hutawanya mwanga kama upinde wa mvua. Nilianza na mwanga wa anga mchana: upinde mzima, haukatiki. Taa ya Doha kwenye kifundo cha buluu: mstari mmoja mnene wa buluu, kwingine giza. Kifundo cha nyeupe: buluu kali, halafu pengo, halafu kijani na njano, na wekundu kidogo tu. Balbu ya LED nyeupe ya Kelvini 6500 kutoka dukani hapa sokoni: karibu sawa na hiyo nyeupe. Balbu ya njano ya Kelvini 3000, ile ambayo watu wanaikataa wakisema inafanya nyumba ionekane kama ya taa ya mafuta: buluu ndogo, kisha kilima kipana kutoka kijani hadi nyekundu.

Cha pili ni kadi ya plastiki yenye mabaka manne, jeupe, jekundu, la kijani na la buluu, iliyofungwa kwenye kamba pamoja na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Nikaenda nayo Kanyaboli, nikakodi mtumbwi. Onyo moja kubwa kwa mtakaojaribu: fungieni mpangilio wa weupe kwenye kamera. Usipoufunga, simu itaona kadi nyeupe imekuwa ya njano, itasema "hapana, hii lazima ni nyeupe", itairekebisha, na utarudi nyumbani na picha za uongo.

Mwenye mtumbwi alinitazama nikishusha simu majini akavumilia dakika kumi, kisha akasema kwa upole, "Boss, hapo hakuna samaki."

Picha zilikuwa wazi kabisa. Karibu na uso, mabaka yote manne yalikuwa na rangi zake. Mita moja chini, jeupe limekuwa njano. Mita moja na nusu, jeupe lina rangi ya strungi, jekundu bado linaonekana vizuri, na la buluu limekuwa kijivu cha kuelekea weusi. Kanyaboli si ziwa la kina kirefu, na samaki wangu hawatoki kwenye giza la chini kabisa. Kwa hiyo hawahitaji machungwa matupu. Wanahitaji mwanga mpana, wa joto, usio mkali, wenye buluu kidogo ya kubakia.

Mpana ndilo neno la kushika. Wapo wanaosoma kwamba ziwa ni la machungwa wakakimbilia kununua LED ya rangi ya machungwa. Hilo ndilo lile jaribio la maabara, upande wake mbaya! Balbu ya njano ya kawaida ina rangi zote ndani yake. LED ya machungwa ina moja. Kwa macho yako zinakaribiana. Kwa sanduku la viatu ni mbali kama Kitale na Lamu.

Tukiwa kwenye balbu za kawaida, tazameni pia kile kipimo cha uaminifu wa rangi kinachoandikwa kwenye boksi, CRI. Nyingi za bei rahisi ni 80, na udhaifu wake mara nyingi uko kwenye wekundu mzito, rangi ile ile ambayo dume wangu amevaa. Nimetafuta mkanda wa LED wa Kelvini 3000 wenye CRI ya 90, nikaongeza diodi sita nyekundu za nanomita 630. Nyeupe ya 6500 nimeiweka pia, lakini inawaka asilimia chache tu. Taa ya Doha nimeifungua: kasha, bati la kupoza joto, feni moja na ugavi wa umeme vimebaki kazini. Diodi za buluu zimetoka. Mfumo wote sasa unakula wati 14. Ukiwa mtu wa kununua tokeni za stima za mia mia kama mimi, tofauti ya 165 na 14 huhitaji kuelezewa na mtaalamu.

Mirija ya florosenti sikuifikiria kwa muda mrefu. Ilikuwa mizuri enzi zake na ilikuza matumbawe mengi, lakini mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata wa zebaki zilikubaliana utengenezaji na biashara yake vikome ifikapo 2027. Kununua sasa ni kuoa huku mahari ya talaka iko mfukoni.

Sasa sehemu yangu ninayoipenda, programu. Ubongo ni ESP32. Wafugaji wa Ulaya huandika kurasa nyingi juu ya kuiga mchana wa tropiki. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, dirisha langu na Kanyaboli vinaona jua lile lile, kwa hiyo ratiba niliiandika kwa kuchungulia nje: mwanga unaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unazimika kabisa saa moja kasoro jioni. Unapanda kwa dakika 30 na unashuka kwa dakika 30. Msipandishe kwa mstari ulionyooka. Namba ya mwanga inatoka 0 hadi 255, na jicho huona hatua za mwanzo kuwa kubwa mno: 0 hadi 20 ni kama mtu amewasha ghafla, 200 hadi 220 hakuna anayejua. Mimi nagawa muda uliopita kwa muda wote, nazidisha jibu kwa lenyewe, ndipo nazidisha kwa 255. Mstari mmoja wa msimbo, na samaki wameacha kurukia kioo asubuhi.

Jambo la pili ni stima. Hapa Misikhu zikipotea zinaweza kurudi saa nane usiku, na mtandao haujarudi. Kifaa kinachouliza saa kutoka intaneti kitaamka, hakitapata jibu, kitadhani ni wakati wowote. Ndiyo maana nimeweka saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake ya sarafu. Programu inaamka, inasoma saa, na kama ni usiku inanyamaza. Kama ni saa sita mchana, haiwaki kwa kishindo; inapanda kwa dakika kumi kwanza.

Kabla sijazing'oa zile diodi za buluu, mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja kutazama. Nikamwashia buluu tupu kwa dakika chache. Dume akawa mweusi mweusi, kama kipande cha mkaa. Majike yakawa vivuli. Nikabadilisha kuwa mwanga mpya.

"Khocha," akasema (sisi Wabukusu ndivyo tunavyomwita mjomba), "umeweka samaki mwingine saa ngapi?"

Nikamwambia ni yule yule. Hakuamini hadi aliponitaka nibadilishe tena mara tatu.

Wiki ya tano, jike mmoja aliacha kula, koo limevimba. Fulu huatamia mayai mdomoni. Siku kama 20 baadaye nilihesabu watoto 17, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Sisemi taa ndiyo iliyofanya hivyo. Jike mmoja si utafiti, na maji safi na chakula vina sehemu yake. Na tafadhali, msidhani taa nzuri itawaruhusu kuchanganya fulu wa aina mbili kwenye tangi moja. Jike asipopata dume wa kwao, huchukua aliyepo, hata chini ya jua lenyewe. Aina moja, tangi moja. Kwa samaki ambao makwao panazidi kuwa padogo, mtoto chotara ni mstari wa ukoo uliokatika.

Zile diodi za buluu ziko juu ya kitalu cha nyanya cha mama yangu, pamoja na nyekundu chache zilizobaki. Mimea inaipenda rangi hiyo. Mama anasema nyumba ya miche sasa inafanana na baa ya Bungoma.

Ninachokosa ni picha za maji ya sehemu nyingine. Kama uko Homa Bay, Mwanza, Entebbe au Port Victoria, na unaweza kushusha kadi ya mabaka manne mita moja, mita mbili na mita tatu, adhuhuri, siku isiyo na mawingu, weupe wa kamera umefungwa, nitumie. Andika tarehe na kina. Nitazipanga zote kwenye jedwali moja, na msimbo wa taa nitauweka pamoja nazo.